Nyasi za Paa la Mama

Juzi tulikuwa na harusi ya mtoto wa jirani katika hoteli moja ya kando ya ziwa, zile zenye vibanda vya nyasi ambavyo watu wa siku hizi wanapenda kupigia picha. Mvua ikatushukia alasiri kama kawaida yake, tukakimbilia chini ya kibanda na sahani zetu mikononi. Nyasi zilipoanza kulowa, ile harufu ikateremka. Wewe wa rika langu uliyelala chini ya paa la nyasi unaijua: inafanana na chai ya jana iliyochanganyika na moshi mkuukuu, na kwa mbali kuna panya ndani yake. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akasema inanukia ushago, kama kijijini kwa nyanya, yaani alikuwa anaisifu. Mimi nikaweka sahani chini. Pilau ilikuwa nzuri, sina neno na waliopika, lakini haikushuka tena.

Nina mazoea ya kuandika kidogo jioni nikimaliza kazi zangu hapa Nyamasaria, mambo ya siku tu, mvua na kuku na nani alipita. Hili la paa nimelizunguka miaka mingi bila kulikaribia. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na tena ninajijua kwamba ni mtu wa kusahau yale yasiyonipendeza. Kwa hiyo nitajaribu kusema hata mazuri ya watu ambao mpaka leo moyo wangu haujawakubali. Nikimwonea mtu, si kwa kutaka.

Tulikuwa tukikaa Kondele, pale Kisumu mjini, chumba cha nyuma ya duka. Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Mama alitoka kwa wale Waislamu wa mjini, watu waliochanganya damu ya pwani na ya hapa kiasi kwamba hakuna anayekumbuka nani alianzia wapi. Alipoolewa na Baba alimfuata kanisani, na ndugu zake hawakufurahi, ingawa sitasema walimkataa, maana salamu haikukatika. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Dholuo, lugha ya kwao Baba, niliokota nje kwa watoto wenzangu, na ilikuwa Dholuo ya kuchezea, ya kutumwa na ya kutukana. Hilo ninaliandika kwa sababu kila kilichofuata kilianzia hapo.

Baba aliugua, akalazwa, hakurudi. Tukampeleka kwao Seme, mbele ya Kombewa, mahali ambapo ukisimama palipoinuka unaliona ziwa. Alikuwa amejenga nyumba pale wakati alipooa, ya udongo na nyasi, na sisi tulikuwa tukifika Krismasi tu. Baada ya mazishi tulibaki. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuja na kofia yake akasimama karibu na ua, akamwambia Mama kwamba mlango wa kwao uko wazi, ila arudi peke yake, watoto ni wa kwa baba yao. Baba Mkubwa Okello, kaka yake Baba, alikuwa amemwambia vivyo hivyo asubuhi. Pande zile mbili hazikuwa zinaelewana hata juu ya namna ya kuchinja kuku, lakini kwa hilo zilielewana bila hata kukutana. Mama alikuwa na sisi mabinti wawili, mimi na mdogo wangu Adhiambo aliyekuwa bado anabebwa. Akabaki.

Halafu mvua za masika zikaanza na paa likavuja. Lilikuwa limeoza mahali pamoja, juu ya kitanda chetu mimi na Adhiambo. Tukasogeza kitanda, tukaweka sufuria. Mama alikwenda kwa Baba Mkubwa kumwomba apige kiraka, na mimi nilimfuata nikimshika kanga. Baba Mkubwa alimpa kiti. Alikuwa mtu wa adabu, sauti yake haikupanda kamwe, na nadhani ndiyo maana ilikuwa vigumu kubishana naye.

"Nyar Kisumo," alimwambia, maana wake wa pale huitwa kwa walikotoka, na Mama alikuwa binti wa Kisumu, "paa lile si langu."

Akaeleza kwa utaratibu kwamba mwanamume anayeshika paa la mke wa marehemu anatangaza kwamba nyumba ile ni yake. Huwezi kupanda tu kama unayefunga banda la mbuzi. Kwanza aje jater, mtu ajulikane, halafu paa litatengenezwa asubuhi moja tu. Mama akamuuliza, na yeye mwenyewe akipanda? Baba Mkubwa akacheka kidogo, kisha akaona kwamba hatanii. Akasema mwanamke hapandi paani. Akipanda anaita chira, laana ile inayoila familia polepole, watu wanakonda na hakuna daktari anayeona kitu, na inaanza na watoto. Aliyasema bila ukali wowote, kama mtu anayekuonya usishike waya wa stima. Mpaka leo ninaamini kwamba aliogopa kweli kwa ajili yetu. Hilo nimpe.

Mimi niliondoka na neno moja, jater. Kule Kondele, kitenzi kilicho ndani ya neno hilo, ter, nilikijua vizuri kwa sababu ndicho nilichotumwa nacho: peleka maji, beba kiti, chukua hii kwa mama fulani. Kwa hiyo jater alikuwa mchukuzi. Nilimwona kabisa akilini, mtu wa mkokoteni kama wale wa sokoni, mwenye gunia begani na jasho mgongoni. Sikuelewa kwa nini mchukuzi aje kwetu kabla ya paa kutengenezwa, lakini wakubwa wana mambo yao. Nilichoogopa ni vitu vyetu. Nikachukua spana za Baba, zile alizozifunga kwenye kitambaa cheusi kwa grisi, nikazificha chini ya ghala.

Lakini roho haikutulia. Nikamwendea nyanya yangu, Dani tulivyomwita, mama yake Baba, akiwa ameketi juani anachambua omena, dagaa wa ziwani.

"Dani, jater atachukua nini?"

Dani alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Atachukua mama yako, nyathina," akasema, akarudi kwa omena wake.

Sitamlaumu kwa kicheko kile. Kila mtoto wa boma lile alijua neno hilo linamaanisha nini, kwamba mjane huchukuliwa na ndugu ya mumewe akae naye, na yeye alidhani mimi ninajua na ninauliza kwa utundu. Alikuwa akiniita mtoto wake, aliniwekea kichwa cha samaki kila tulipokula. Ila mimi niliondoka pale mbio. Mchukuzi anakuja kumbeba Mama. Atampeleka wapi? Nilifikiria visiwani, nilifikiria Uganda. Nililala kando yake siku zile nimejifunga kona ya kanga yake mkononi. Na nikapiga hesabu ya kitoto, lakini mimi niliiona imenyooka: Baba Mkubwa alisema jater anakuja kwa sababu ya paa. Paa likipona, hana safari.

Kuezeka nilikuwa nimekuona. Wiki hizo hizo jiko la Dani lilikuwa limeezekwa upya, na kazi ile karibu yote ilifanywa na wanawake. Wao ndio walioteremka kwenye majimaji karibu na ziwa kukata nyasi, wao wakazibeba kichwani wakapanda nazo mlima, wakazianika, wakazichana kwa vidole mpaka zikanyooka, wakazifunga miganda, wakairusha juu. Kazi ya mwanamume ilianzia pale ngazi ilipoanzia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliorusha, na nikiwa chini pale shingo imepinda niliona kila kitu. Unaanzia chini kwenye ukingo. Safu ya juu inalala juu ya ile ya chini kama magamba ya samaki. Kiraka hakiwekwi juu ya nyasi kuukuu, kinaingizwa chini ya safu iliyo juu yake, ukinyanyua kidogo kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyenifundisha kwa sababu hakuna aliyefikiri nitahitaji.

Siku ya soko Mama alikwenda Kombewa kuuza mandazi, amembeba Adhiambo. Ngazi ilikuwa bado imelala nyuma ya jiko la Dani pamoja na miganda iliyobaki. Niliiburuta. Sijui nilipata wapi nguvu.

Nisidanganye, nilifurahi kule juu. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nalia kwa ajili ya Mama, lakini nilifurahi. Ziwa lilionekana lote, na upepo ulikuwa mwingine kabisa na ule wa chini. Niling'oa nyasi zilizooza, zikapondeka mikononi kama uji, nikaingiza mpya chini ya safu kama nilivyoona, nikafunga kwa kamba ya katani, nikapigapiga kwa kipande cha ubao mpaka zikalingana. Nilikuwa namalizia niliposikia wavulana wa ng'ombe wamesimama kule chini.

"Kujeni muone, dume limepanda!" mmoja akaita wenzake. Mwingine akaniuliza kama nimeshaota ndevu. Wakaanza kuniimbia hilo la dume wakipiga fimbo zao chini, na mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani wananisifu.

Dani akatoka. Hakupiga kelele. Alitazama juu, kisha akaketi chini palepale penye tope akashika kichwa kwa mikono miwili. Baba Mkubwa alipofika aliniambia kwa sauti yake ileile nishuke polepole nisije nikaanguka. Nilishuka nikingoja kupigwa, na ningependelea kupigwa. Badala yake walirudi nyuma, wote, hata wale wavulana wakaacha kuimba. Nikabaki nimesimama peke yangu na nyasi kwenye nywele.

Mama alipotoka sokoni alikuta wazee wameketi ndani ya nyumba yetu wakimngoja. Mimi niliambiwa nikae mlangoni, nisiingie wala nisiende mbali. Walimweleza kwamba nyumba imevunjika, kwamba mtoto wa kike amepanda juu ya kichwa cha baba yake, na sasa si mimi tu niliye hatarini, ni boma zima. Mimi nitapelekwa kwa shangazi wa mbali, huko nikae mpaka mambo yatengenezwe, na njia ya kuyatengeneza ni moja, mwanamume aingie nyumba hii na mkono wake uguse paa. Kama Nyar Kisumo hataki, hakuna anayemshika. Njia ya kwao anaijua. Watoto watabaki.

Wakiwa katikati ya maneno hayo mvua ikanyesha, mvua ya kweli, ile inayofanya watu waache kuongea kwa sababu hawasikilizani. Kila mtu mle ndani akatazama juu, mahali pale. Mmoja alikuwa amesogeza kiti mapema. Tukangoja. Maji yalisikika yakiteremka nje ukingoni, lakini mle ndani hakikudondoka hata kitone.

"Haivuji," Mama akasema.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," Dani akajibu kutoka kwenye kona.

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya mahubiri yote niliyowahi kusikia. Lingevuja, nadhani, wangesema ni utoto, wangenichapa, wakafukiza dawa, yakaisha. Mama alinitazama pale mlangoni. Alikuwa amekataa tangu mazishi, alikuwa amekataa kwa heshima, akitafuta sababu ndogondogo, mara anaumwa, mara anangoja kaka yake aje. Mimi sikujua kwamba alikuwa anakataa kitu. Akatoa kitambaa cha kichwa, akakikunja juu ya magoti yake, akawaambia, "Basi mleteni."

Mimi sikupelekwa tena kwa shangazi. Waliyemchagua ni Odera, binamu yake Baba. Alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni huko Kisumu, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mjini mpishi ni kazi kama kazi, lakini pale kwetu mwanamume haingii jikoni, akiingia anaulizwa anatafuta nini. Odera kila akirudi walimpokea kwa maneno. "Mama Odera, ukoko wetu uko wapi?" Au wanamwomba awafundishe wake zao kukaanga vitunguu. Alikuwa na mke, mwanamke mpole, na watoto wa kike watupu, na hilo pia walimhesabia. Alipoambiwa ameitwa na ukoo kushika nyumba ya marehemu, sidhani kama alimfikiria Mama. Nadhani alifikiria tu kwamba watanyamaza.

Alifika kwa baiskeli jioni. Nilitazama nyuma yake kutafuta mkokoteni, haukuwapo. Alikuwa mtu mfupi, amevaa koti lililomzidi, na alitusalimu mimi na Adhiambo kwa mkono kama wakubwa, akatugawia sukari guru kwenye karatasi. Kutoka kwetu uliweza kuona boma lake. Mke wake alikuwa anafagia uwanja. Alifagia pale palipokwisha kufagiwa, kisha akafagia tena, hakuinua kichwa. Sisi watoto tukapelekwa kulala kwa Dani.

Asubuhi watu wakakusanyika. Baba Mkubwa alikuwa amezing'oa nyasi zangu zote kwa mti mrefu akiwa chini, mkono wake usiguse paa, akaziteketeza nje ya ua, shimo likabaki wazi. Odera akakabidhiwa ngazi. Aliikumbatia kila hatua mpaka ikalia. Mtu huyu alikuwa akikoroga sufuria ambazo mimi ningeweza kuoga ndani yake, lakini urefu ulimtisha. Wanawake wakamrushia mganda, akaukosa, wakarusha tena. Akachukua konzi za nyasi akazichomeka juujuu, hakunyanyua safu, hakufunga vizuri, akazilaza pale kama mtu anayefunika chakula. Mama aliwekwa asimame mlangoni ili aonekane. Alikuwa akitazama mahali kwenye ua ambapo hapakuwa na kitu.

"Sasa wewe ni mwanamume, Odera," mzee mmoja akamwambia kutoka chini.

Odera alitabasamu. Nimeona nyuso nyingi tangu siku ile na sijaona tena uso mmoja uliobeba furaha na aibu kwa kiasi kile.

Mimi nilikuwa nimefurahi kuliko wote. Niwaambie ukweli, siku kadhaa nilitembea kifua mbele, kwa sababu mchukuzi alikuja na hakumchukua Mama. Mama alikuwa pale, anapika, anafua, anamsuka Adhiambo. Niliona tumeshinda. Nilirudisha spana za Baba mahali pake. Ilinichukua muda kuona kwamba Mama ameacha kuimba akikanda unga, na kwamba hakai tena kwenye kitanda chake mchana, anakaa kwenye mkeka, hata akiwa amechoka. Alikuwa akiniita "kipusa changu" kwa Kiswahili cha kwao. Jina hilo lilikoma. Nilimuuliza siku moja kama amekasirika na mimi, akasema hapana, na ninaamini kwamba alisema kweli, lakini hakuniita hivyo tena. Nilikuwa mkubwa, na mimi mwenyewe niko kwenye nyumba ya mume, ndipo nilipoelewa kwamba yule mtu alichukua, na alichukua bila kubeba.

Paa, bila shaka, lilivuja mvua ya kwanza tu iliponyesha.

Ningependa kuandika kwamba Odera alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia. Alikuja mwisho wa mwezi na unga, wakati mwingine samaki mbichi aliyefungwa kwa jani. Hakutupiga. Hakumwinulia Mama sauti, na sijawahi kusikia akimwambia neno la kumdhalilisha. Pia hakumuuliza kama anataka. Na Mama hakumwita kwa jina, alisema "yule". Sijui nimpime vipi mtu ambaye kosa lake lote ni kwamba alikubali.

Kuna siku moja Mama alishikwa na malaria. Alikuwa amelala nyuma ya pazia, anatetemeka mpaka kitanda kinasikika. Mvua ilikuwa imeanza mchana, na sufuria yetu ilikuwa mahali pake sakafuni ikipokea. Nilijaribu kupika ugali kwenye jiko la makaa tulilotoka nalo Kondele, ukawa mabonge, ndani unga mkavu, Adhiambo akautema akalia. Odera akaingia amelowa. Alitazama sufuria, akatazama mtoto, akatazama pazia. Kisha akafunga mlango.

"Akinyi," akaniambia kwa sauti ya chini, "kaa hapo kwenye ufa wa mlango. Mtu akija, niambie mapema."

Akavua lile koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Akakunja mikono ya shati, na kutoka hapo alikuwa mtu mwingine. Mikono yake haikutafuta kitu, kila kitu kilikuwa kinamngoja. Aliosha omena kwa maji ya moto, akawakausha, akakaanga kitunguu mpaka harufu ikafika nyuma ya pazia na kitanda kikatulia kidogo. Ugali aliugeuza kwa mwiko wetu mdogo kama mchezo. Adhiambo alinyamaza akawa anamtazama. Nilisahau ufa wangu mimi pia.

"Ile siku," akasema bila kugeuka, "wewe ulichomeka vipi?"

Nilidhani ananitega. Lakini alingoja, basi nikachukua nyuzi za ufagio nikamwonyesha, moja juu ya nyingine, kisha nikanyanyua ya juu nikapitisha ya tatu chini yake. Alitazama kwa makini kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kutazama kazi yangu.

"Chini," akasema. "Mimi niliweka juu."

"Si upande tena, Baba? Nitakurushia."

Akatikisa kichwa. "Nikipanda tena watajua inavuja."

Aliyasema hayo kwa upole, kama anayenieleza kwa nini chumvi huwekwa mwisho. Na mimi nilielewa. Hilo ndilo linalonichoma sasa, kwamba nilikuwa mtoto na nilielewa mara moja, sikuuliza swali jingine.

Nilisikia matope yakikanyagwa nje nikageuka kwenye ufa. Nikamwambia, Baba Mkubwa. Odera akanipa mwiko mkononi ukiwa bado moto, akapangusa mikono kwenye suruali, akavaa koti, akaketi. Vyote hivyo vilifanyika kabla mlango haujagongwa. Nikafungua nikiwa na mwiko.

Baba Mkubwa alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alisema pole kuelekea pazia, Mama akaitikia. Akakaribishwa chakula, nikamnawisha, wakala yeye na Odera, na sufuria ya maji ikiwa sakafuni kati ya viti vyao. Matone yalikuwa yakianguka ndani yake. Baba Mkubwa alivuta mguu wake kando bila kutazama chini. Alikula vizuri. Akanitazama, na uso wake ulikuwa laini kwangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya paa.

"Huyu sasa amekuwa msichana," akasema. "Mkono huu utampatia nyumba nzuri." Kisha akamgeukia Odera. "Na wewe, tangu ushike paa hili, hapa pamekuwa nyumbani. Tunaona."

"Asante, Mzee," Odera akasema.

Nikaona wote wanangoja na mimi nishukuru. Nikasema, "Asante, Baba Mkubwa."

Hatukutazamana, mimi na Odera. Yeye alikuwa anamega ugali wake tonge dogodogo, mimi nimeshika mwiko. Tone likaanguka, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa nzito, ya chombo kinachokaribia ukingo. Nyuma ya pazia kitanda kikalia, Mama akajigeuza.

"Akinyi," akaita, "sufuria imejaa. Kaimwage."